Muuza Uhuru wa Tajganj

Wageni wa siku hizi wameharibika. Hilo lilikuwa neno la Liaqat, na Liaqat hakuwa mtu wa kuwasema wageni ovyo, maana ndio waliomlisha tangu hajaota ndevu. Alikuwa lapka, na Agra nzima inajua lapka ni nani. Ni yule mwenye shati safi na meno mengi, anayekupokea kabla mguu wako haujagusa ardhi, akakuuliza hali ya mama yako, akakubebea mzigo, na jioni ukajikuta hotelini umekumbatia sanduku la marumaru ambalo hukulihitaji wala hutalihitaji.

Zamani, alisema Liaqat, mgeni alikuwa mgeni. Ukimpandisha gari la ngamia, anacheka. Ukimpeleka duka la marumaru, ananunua Taj ndogo yenye taa ndani, nawe unapitia mlango wa nyuma kuchukua chako. Hawa wa sasa wanakuja na maswali. Ngamia huyu anapumzika saa ngapi? Jiwe hili limechongwa na mtu mzima au mtoto? Fundi amepata ngapi katika hiyo bei? Mfuko hawataki, mrija hawataki, maji ya dukani wanayakataa kwa sababu ya plastiki, kila mmoja ana chupa yake ya chuma ameitundika begani. Ukimkaribisha chakula, anatoa uma wa mwanzi mfukoni. Mtu aliyetoka kwao na uma wake utamuuzia nini?

Asubuhi moja ya Novemba alikuwa lango la mashariki la Taj, akimfuata mwanamke wa Kiholanzi aliyeitwa Annelies. Alikuwa amekwisha kumpa ngamia, akakataa. Akampa marumaru, akakataa. Akampa viatu vya ngozi, na Annelies akaeleza kwa upole mwingi kwamba ngozi havai. Mwisho akamuuliza Liaqat, kwa moyo safi kabisa, kama yeye mwenyewe amekunywa maji ya kutosha tangu asubuhi. Swali hilo lilimuuma Liaqat kuliko tusi.

Kisha Annelies akasimama ghafla. Kando ya ukuta wa dargah, kaburi la walii watu wanakoomba, alikuwa amechuchumaa mtu mwenye kizimba kilichosheheni ndege wadogo wa porini, wamebanana hata hawawezi kugeuka. Ni wale ambao watu wetu hununua na kuwaachia kwa nia ya sadaka, mgonjwa akipona au mtoto akifaulu. Annelies akatia mkono kwenye mkoba. Akautoa mtupu. Akautia tena.

"Nikinunua, kesho atakamata wengine," alimwambia Liaqat, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia. "Nisiponunua, hawa watakufa humu. Nifanye nini?"

Machozi yalikuwa yamemlenga. Lakini Liaqat hakutazama machozi, alitazama mkono. Aliuona unavyoingia na kutoka kwenye mkoba, na papo hapo akafahamu jambo ambalo malapka wenzake wote walikuwa hawajalifahamu: hawa watu hawakuacha kununua. Hamu ya kununua wanayo kama baba zao walivyokuwa nayo. Wanachokosa ni kitu ambacho hakitawasuta wakifika nyumbani. Kiwe hakina uzito, hakina plastiki, hakikuchongwa na mtoto, hakikuchinjwa, na kikishanunuliwa kisiache hata takataka.

Liaqat akainua macho mbinguni, labda kumwomba Mungu, na Mungu akamjibu upesi kuliko alivyostahili. Juu ya mapaa ya Tajganj, mtaa wetu ulio ubavuni mwa Taj, kundi la njiwa lilikuwa likizunguka, jeupe kila lilipogeuka kwenye jua. Walikuwa njiwa wake.

Hapa yafaa niseme kwamba baba yake Liaqat hakuwa lapka. Alikuwa Ustadhi Basharat, mrusha njiwa ambaye hata watu wa Delhi walikuja kumsikiliza akipiga mluzi. Alipokuwa akifa aliacha paa moja, mwanzi mmoja mrefu wa kuongozea ndege, na kundi la njiwa ambalo ukoo wake ulikuwa mrefu kuliko wa majirani wengi. Kichwa cha kundi alikuwa jike jeupe kikongwe aitwaye Begum. "Nyumba ukiiuza utapanga nyingine," mzee alimwambia mwanawe. "Hawa wakienda, hutakuwa na paa, utakuwa na dari tu." Na Liaqat, aliyewadanganya watu wa mataifa yote, hakuwahi kuwadanganya njiwa. Kila jioni alipanda juu, akapiga mluzi wa baba yake, akawarushia uwele, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwema.

Paa la pili, ng'ambo ya ukuta mfupi, lilikuwa la Bi Qudsia, mjane wa Khalifa Sharafat. Mume alipofariki watu walidhani atawauza njiwa anunue cherehani. Yeye alijifunga ushungi, akashika mwanzi, na mwaka uleule akawanyang'anya watu wa mtaa wa wachonga mawe nusu ya ndege wao. Maana kurusha njiwa kwetu kuna sheria yake, na sheria yenyewe ni vitambaa. Mapaa mawili yakiwa na suluhu, kila mmoja ametundika kitambaa cheupe juu ya mwanzi wake, na ndege wa jirani akipotea akatua kwako, unamlisha, unamrudisha. Wakiwa na vita, kitambaa ni chekundu, na kilichotua kwangu ni changu, wala hakuna kituo cha polisi Agra kitakachokusikiliza. Sharti ni moja: chekundu kitundikwe mapema, mahali pa wazi, kila mwenye macho akione kabla ndege wa kwanza hajachukuliwa. Kati ya Basharat na Sharafat kilikuwa cheupe tangu ujana wao, na watoto na wajane walikirithi.

Basi Annelies alipokuwa akirudi hotelini amejaa huzuni, Liaqat alitembea kando yake, kwa mara ya kwanza bila kumpa kitu. Mwisho akashusha pumzi. Akasema anaona haya kulisema, lakini yeye kazi ya ulapka anaifanya kwa shida tu. Kazi yake hasa ni kuokoa njiwa. Kuna watu waovu juu ya mapaa huku, wacheza kamari, wanawafunga njiwa mbawa na kuwapiganisha angani. Yeye huwaokoa, huwatibu, kisha huwaachia.

"Unawauza?" Annelies aliuliza, na jicho lake likawa kali.

"Kuuza? Uhuru hauuzwi, dada. Mtu huchangia tiba tu."

"Na ukiwaachia wanakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema Liaqat, na hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake wiki nzima.

Kesho yake alfajiri walivuka daraja kwa bajaji ya betri, kwa sababu bajaji ya mafuta Annelies asingepanda. Liaqat alikuwa amevaa kanzu ya pamba iliyofumwa kwa mkono na miwani ya kioo kitupu, isiyo na namba, na begani chupa ya chuma aliyoinunua usiku kwa mlinzi wa hoteli. Nyuma ya bustani ya Mehtab, kwenye mchanga wa mto Yamuna, ambapo Taj huonekana mgongo, akafungua kizimba. Njiwa wakapanda pamoja, wakapita juu ya maji, wakaizunguka kuba nyeupe, wakapotelea upande wa pili. Annelies alilia kama mtu aliyefiwa na kujifungua siku moja. Kisha akachangia, na alipochangia hakuomba kupunguziwa, jambo ambalo Liaqat hakuwahi kuliona katika maisha yake ya kazi. Alipofika nyumbani, njiwa wote walikuwa juu ya banda wakimsubiri awape chakula.

Wataalamu wa mazingira wanatuhimiza, kila siku, kwamba bidhaa njema ni ile inayotumika tena na tena. Nani aliwasikiliza kuliko Liaqat? Njiwa yuleyule mmoja alimwachia asubuhi kwa Wafaransa, adhuhuri kwa Wakanada, na siku zenye baraka alasiri pia kwa wanafunzi wa Kijapani. Hakuchafua mto, hakukata mti. Siri yenyewe ilikuwa njaa. Aliwanyima chakula tangu jana yake, na njiwa mwenye njaa hapotei njia. Wala hakuhitaji mtu wa kukaa juu ya paa kuwaita, kama mrusha njiwa yeyote anavyopaswa ndege wake wakiwa angani, kwa sababu upande mmoja ulikuwa barabara na upande wa pili kitambaa cheupe. Begum alimwacha juu ya banda, wenzake wakimwona wanashuka wenyewe.

Wazo la nyuzi lilikuwa la Annelies. Alikuwa amekwenda Fatehpur Sikri, akaona watu wakifunga nyuzi za nadhiri kwenye kaburi la mawe la walii wa huko, akauliza kama haingekuwa vizuri kila mgeni amfungie njiwa wake uzi mwekundu mguuni, wa pamba, uliotiwa rangi ya mimea. Liaqat alimtazama kwa heshima ya kweli. Yeye na ujanja wake wote hakuwahi kufikiria kutoza mchango wa uzi. Kila jioni akawa anakaa na mkasi akizikata.

Annelies akarudi kwao na kuwasimulia wenzake, nao wakaja, nao wakasimulia. Simu ya Liaqat haikutulia. Na hapo, taratibu, kitu kikaanza kumtoka. Uwele akawa anautupa kama mtu anayelipa faini, huku kidole kikiwa kwenye simu. Mluzi akauacha. Njiwa walikonda, mifupa ya vifua ikatokeza, wala hakuona, kwa kuwa alikuwa ameacha kutazama juu. Mrusha njiwa asiyetazama juu ni sawa na mpishi asiyeonja, lakini nani wa kumwambia tajiri?

Jioni moja kundi liliporudi lilikuwa limeongezeka. Njiwa vijana watatu wa Bi Qudsia, wenye madoa ya kahawia shingoni, walikuwa wamechanganyika nao na kutua bandani kwa Liaqat. Ingekuwa enzi ya Ustadhi Basharat, angewalisha, akawatia kwenye kikapu na vipande vya petha, ile halua yetu ya boga, juu yake, akavuka ukuta kwa miguu yake mwenyewe. Liaqat aliwahesabu akakumbuka kwamba kesho ana ukoo mzima wa Wajerumani, babu hadi wajukuu, na ndege hawatoshi. Akajipa fatwa. Watarudi kwao wenyewe, alijiambia. Ni kama nimewapelekea kwa gharama ya Wajerumani.

Na kweli walirudi. Bi Qudsia alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba akichambua dengu, vijana wake watatu wakatua, wamechoka, wana njaa, na kila mmoja ana uzi mwekundu mguuni. Aliwachukua mmoja mmoja kifuani, akazikata nyuzi kwa meno. Kisha akashuka ngazi na kwenda kusimama mlangoni pa Liaqat. Sheria haimlazimishi mtu kuuliza, lakini alimjua huyu kijana tangu anatambaa.

"Liaqat, mwanangu, hujawaona vijana wangu watatu? Jana hawakulala nyumbani."

"Sijawaona, mama," alisema Liaqat bila kuinua macho kwenye simu. "Labda mwewe."

"Mwewe," alisema Bi Qudsia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mungu amlaani mwewe huyo."

"Amina," alisema Liaqat.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bi Qudsia hakugomba, hakwenda kusema kisimani wala msikitini. Asubuhi yake alipanda juu, akashusha kitambaa cheupe kilichotundikwa na mumewe, akakikunja vizuri, na mahali pake akatundika chekundu, kipana kama shuka. Mtaa mzima ulikiona. Kinyozi alikiona akamwonyesha muuza maziwa, muuza maziwa akamwambia mpika petha. Hakuna aliyemwambia Liaqat. Wengine walidhani ameona, maana ni mwana wa Basharat, atakosaje kuona. Wengine walikumbuka kwamba katika uhuru wote ule uliouzwa hawakuonjeshwa hata chai. Kitambaa kikakaa juani, siku baada ya siku, na Liaqat akatoka kila alfajiri na kurudi kila jioni ameinamia simu.

Bi Qudsia naye hakuwa na haraka. Kwa ndege wachache hakujisumbua. Alikuwa akisubiri Begum atoke, kwa sababu kundi lililoachiwa mama yake nyumbani halitekwi.

Februari Annelies akarudi, na safari hii alikuja na basi zima, watu wa kampuni ya safari ambayo wateja wake hawaachi takataka hata kwa bahati mbaya. Walitaka uhuru mkubwa, wote kwa pamoja, kila mtu na njiwa wake. Liaqat alihesabu bandani akakuta amepungukiwa mmoja. Akamtazama Begum.

Begum naye alimtazama, kwa jicho moja, kama njiwa wanavyofanya. Liaqat akajisemea kwamba ni siku moja tu, kwamba baada ya leo ataacha, atafungua mgahawa juu ya paa na kuwalisha wote lozi. Akamtia kizimbani.

Kwenye mchanga wa mto alihutubia vizuri kuliko siku zote. Alizungumza juu ya mbawa zilizofungwa, na juu ya dunia ambayo ni moja tu. Nyuzi zikafungwa. Annelies alipewa Begum, kwa heshima. Vizimba vikafunguliwa, na njiwa wa Ustadhi Basharat wakapanda wote pamoja, mama yao mbele, wakavuka maji, wakaizunguka kuba. Watu walikumbatiana.

Ndipo juu ya Tajganj kundi la pili lilipoinuka.

"Tazama," alisema Annelies, akimshika Liaqat mkono. "Wenzao wamekuja kuwapokea."

Liaqat alitazama juu. Kwa umbali ule asingeweza kuona kitambaa chochote, lakini alikuwa mwana wa baba yake, akayasoma yale makundi kama mtu asomavyo jina lake. Aliona la pili likipanda chini ya la kwanza na kulikata katikati. Aliona yakichanganyika, yakizunguka mduara mmoja, na mduara ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi wa baba yake kwa nguvu zake zote. Mluzi ulifika katikati ya mto ukafa.

Kukimbia hakuweza. Wageni walikuwa wamempangia mstari na michango yao mikononi, na kila mmoja alitaka kumshika mkono kwanza. Basi alisimama pale, mkono mmoja ukipokea, macho yameganda angani. Alijua kinachotokea kule kana kwamba yupo. Alijua Bi Qudsia amesimama na mwanzi, kwamba ameacha wake na njaa kidogo na kuwaachia kwa wakati wake, kwamba sasa anarusha uwele kwa mikono miwili. Na juu ya paa lake yeye hakuna mtu, hakuna Begum, hakuna hata punje moja. Hawa ndege hawakula tangu jana. Yeye ndiye aliyewanyima.

Kundi likashuka lote.

"Mbona wanateremka?" aliuliza mzee mmoja wa Kiholanzi.

"Wamefika nyumbani," alisema Liaqat. Machozi yakamtoka kweli. Wageni waliguswa sana, na waliokwisha kuchangia wakarudi nyuma ya mstari kuchangia tena.

Alipofika Tajganj alipanda ngazi mbili mbili. Banda lilikuwa tupu. Alipoinua macho ng'ambo ya ukuta ndipo alipokiona kitambaa. Kilichomuuma zaidi haukuwa wekundu wake. Kilikuwa kimepauka. Jua la wiki nyingi lilikuwa limekila pembeni, na yeye alikuwa amepita chini yake kila siku.

"Mama, umenivamia," alisema.

"Nimekuvamia kwa kitambaa kikubwa kuliko shuka yangu ya kitandani," alisema Bi Qudsia. "Mwewe wa kawaida hana adabu hiyo."

Liaqat akaomba kwa jina la baba yake. Akaomba kwa jina la Khalifa marehemu. Bi Qudsia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ndege hawa wamemjia wakiwa mifupa mitupu, ni wazi wameishi na mtu mwovu. Kwanza watibiwe. Arudi Holi, sikukuu ya rangi, ikipita.

Siku zile zilikuwa ndefu. Wageni walipiga simu, Liaqat hakupokea. Alikaa juu ya dari yake, maana sasa aliyaelewa maneno ya baba yake, akisikiliza vishindo vya mbawa nyuma ya mlango wa banda la jirani. Kila asubuhi harufu ya samli na lozi zilizosagwa ilivuka ukuta. Ile michango yote ilikuwa kwenye kopo chini ya godoro, na hakununua hata meza moja ya mgahawa. Alikosa hamu ya chakula. Mkewe kinyozi alisema amerogwa, kinyozi akasema hapana, amerogwa anayeibiwa, huyu amelipwa.

Holi ilipopita, rangi zingali ukutani, Bi Qudsia alimwita juu. Liaqat alipofika alipigwa na butwaa. Mama mzima alikuwa amevaa pamba ya mkono, na puani ameweka miwani, ya namba kweli, ya marehemu mumewe. Njiwa wa Basharat walikuwa katika vizimba vitatu, wanene, wanang'aa.

"Hawa maskini sasa wamepona," alisema. "Yuko mtu mwema wa kuwapa uhuru?"

"Mama, unaniuzia ndege wangu mwenyewe?"

"Kuuza? Uhuru hauuzwi, mwanangu. Mtu huchangia tiba tu."

Liaqat akajaribu bei. Bi Qudsia alimuuliza, kwa upole, kama yule Mholanzi aliomba kupunguziwa. Akajaribu nusu ya kundi. Akaambiwa familia haitenganishwi, huo ni ukatili kwa wanyama. Akashuka, akaenda kuchukua kopo, akarudi nalo, na Bi Qudsia akalimimina kwenye ushungi wake bila kuhesabu.

"Basi niwabebe," alisema Liaqat, akishika kizimba.

"Uwabebe uwapeleke wapi? Umechangia waachiwe, waachie. Kumiliki hukuchangia."

Hapo Liaqat alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Kumbe mama huyu ni mkali wa maneno tu. Hawa ndege walianguliwa ng'ambo ya ukuta ule, na baba zao na babu zao. Mwachie njiwa hatua chache kutoka alikozaliwa, ataenda wapi? Hata hivyo akauliza, kwa mazoea ya kazi.

"Nikiwaachia watakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema Bi Qudsia.

Liaqat akafungua vizimba, akaruka ukuta huku bado wanapanda. Alikuwa na uwele tayari, bakuli zima. Akatia vidole mdomoni na mluzi wa Ustadhi Basharat ukapanda juu ya Tajganj kama zamani, hata kinyozi akatoka na wembe mkononi. Njiwa wakageuka. Wakaja juu yake, chini kabisa, upepo wa mbawa ukampiga usoni. Moyo ulimjaa mpaka akacheka peke yake. Wakazunguka mara moja, wakazunguka tena, kisha wakakunja mbawa na kutua wote, kwa utulivu, juu ya banda la Bi Qudsia. Wakaingia ndani mmoja baada ya mwingine kama watu wanaotoka kazini.

Kutoka humo ndani Liaqat akasikia sauti nyembamba, nyingi, za vifaranga.

Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Somo la kwanza alilofundishwa na baba yake, kabla hajajua kusoma, lilikuwa kwamba njiwa harudi alikozaliwa, hurudi aliko mwenzake na mayai yake. Nyuma ya mlango ule uliofungwa Bi Qudsia alikuwa amewaoza wote kwa njiwa wake, na kwa lozi na samli harusi zilikuwa zimejibu upesi. Liaqat alikuwa amelijua somo hilo maisha yake yote. Ila wakati huo alikuwa na shughuli nyingi za kuuza uhuru.

Mmoja tu alibaki angani. Begum, aliyepita umri wa kuolewa, alizunguka peke yake, akatua mbele ya miguu ya Liaqat, akaanza kudonoa uwele. Mguuni bado alikuwa na uzi mwekundu wa Annelies. Liaqat alikaa chini kwenye vumbi la paa, akamchukua kifuani. Mkasi hakuwa nao. Akaukata uzi kwa meno, taratibu, asimwumize.

"Liaqat." Bi Qudsia alikuwa ameegemea ukuta. Nyuma yake mwanzi ulikuwa umebadilishwa, kitambaa cheupe cha Khalifa kikipepea juu yake, bado kina mikunjo. "Hawa maskini wamerudi tena. Utachangia?"

"Kopo limekwisha, mama."

"Najua. Limo humu." Akapapasa ushungi. "Wale wageni wako, mtu akiwa hana cha kutoa akafanya kazi ya bure, wanaiitaje?"

Liaqat alimtazama Begum, akamtazama Bi Qudsia. "Kujitolea."

"Basi kesho alfajiri uje ujitolee. Banda la watu wawili wawili na watoto lina kinyesi kingi, na ndege wa baba yako wanataka mkono wanaoujua." Akageuka kwenda kwenye dengu zake, kisha akakumbuka jambo. "Na maji ya kunywa uje na chupa yako. Hapa plastiki hatutumii."